Soksi za Bi Oletha

Kila Jumamosi asubuhi kamba ya nguo nyuma ya nyumba ya Oletha Crutcher ilijaa soksi. Soksi nyeupe za michezo, ndefu na nene, jozi ishirini na kitu, zikining'inia kutoka ukuta wa jiko mpaka banda la kuku. Mgeni akipita njiani angedhani pale pamepanga timu nzima ya mpira wa kikapu. Kumbe walikuwa wajane wawili tu, Oletha na dada yake mkubwa Vonceil, na hakuna kati yao aliyewahi kurusha mpira tangu azaliwe.

Soksi zilikuwa za watoto wa mahakamani. Oletha alikuwa askari wa mahakama ya watoto katika kaunti ya Tolliver, Mississippi, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa akachelewa mara moja tu. Mara hiyo moja alichelewa dakika nne, na hakuna aliyejua. Lakini mlangoni palikuwa na daftari kubwa la kuandikia kila anayeingia na kutoka, pamoja na saa yake, na Oletha akajiandika mwenyewe: askari Crutcher, amechelewa dakika nne. Mwenzake Dewey Strickland, mzungu mnene aliyeendesha gari la kuleta watoto, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama wee! Hata Mungu hakuiona hiyo."

"Aliiona," Oletha akasema. "Alikuwa ananisubiri hapa mlangoni."

Huyo ndiye Oletha. Mfupi, mpana, mwenye sauti ya kwaya na magoti mabovu, na ukweli wake ulikuwa unachosha watu. Ukimuuliza kama gauni lako limekukaa vizuri, ujue umejitakia. Kanisani walimpenda sana, ila hawakumwomba aonje mikate yao ya mahindi mbele ya wageni.

Watoto waliletwa kutoka mahabusu ya kaunti jirani, mwendo wa karibu saa nzima kwa gari, wakashushwa kwenye mlango wa ubavuni. Wengine walikuwa na miaka kumi na sita na ndevu za kuhesabika, wengine kumi na moja. Wote walivaa ndala za mpira, na wote walifungwa sawasawa: pingu mikononi, mnyororo kiunoni, pingu nyingine miguuni. Awe amempiga mtu au awe ametoroka shule, hakuna tofauti. Ndivyo ilivyokuwa tangu wakati wa majaji waliokwisha kufa, na hakuna aliyekumbuka kuuliza. Tena zile pingu za miguu zilitengenezwa kwa wanaume wazima. Kwenye mguu wa mtoto zilikuwa zinacheza, zinashuka mpaka kwenye kifundo, na kila hatua zinasugua mfupa.

Wiki yake ya kwanza kazini Oletha alimpokea binti wa miaka kumi na mbili ambaye damu ilikuwa imemchirizika mpaka kwenye ndala. Jioni ile Oletha alipita dukani, na kesho yake alikuja na mfuko. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyevuka mlango ule mikononi mwake bila soksi nene, zimekunjwa mara mbili mahali chuma kinapokaa. Alipiga magoti yale yale mabovu, akamvisha mmoja baada ya mwingine, akiwasema huku anawavisha. "Kaza mguu. Mwingine. Wewe mtoto, kucha hizi unamchimbia nani kisima?" Watoto waliingia mbele ya jaji wakiwa na tabasamu walilolificha haraka.

"Ukiendelea hivi watadai na viatu," Dewey alimtania.

"Wakidai nitawapa vyako. Wewe miguu yako hujaiona tangu mwaka juzi."

Hakuna aliyemtuma. Sababu yake hakuisema kazini hata siku moja, lakini Vonceil aliijua, na sasa tuijue na sisi. Walikuwa na kaka mmoja, Alphus. Alphus alipokuwa na miaka kumi na mitano alichukua baiskeli ya mtu mbele ya duka, akaiendesha mpaka mtoni na kurudi. Kwa safari hiyo alipelekwa shamba la serikali la kufungia wavulana, na aliporudi alikuwa na miaka kumi na saba. Hakuwa mkali wala mlevi. Alikuwa kimya tu. Hakukaa tena kuupa mlango kisogo, wala hakuvaa tena kaptula, hata Agosti jua linapochoma mpaka kuku wanahema. Oletha mdogo alimfungulia bomba la bustani siku moja, maji yakamlowesha suruali, akaikunja. Kuzunguka vifundo vyote viwili palikuwa na alama nyeusi, kama bangili. Alphus aliishusha suruali, akaenda zake. Alikufa hajatimiza arobaini, na yale ya shambani hakumsimulia mtu.

Kwa hiyo Oletha alipoomba kazi mahakamani watu walimshangaa. Mchungaji mwenyewe alimwita pembeni. "Dada Crutcher, uwafanyie kazi watu waliommaliza kaka yako?"

"Basi niambie, Mchungaji," akasema, "mnataka nani awe amesimama pale mlangoni?"



Miaka kumi na tisa ikapita. Jaji wa mahakama ile alikuwa Harlan Dismukes, mzee mrefu, mkavu, mpenda kuvua samaki, na kwa haki niseme hakuwa mtu mbaya. Alisoma kila jalada. Majina ya watoto aliyatamka sawasawa, jambo ambalo majaji wengine hawajisumbui nalo. Ila alikuwa mtu wa mpangilio, na mpangilio ukiingiliwa uso wake uliwiva.

Aliyeuingilia alikuwa Keziah Boykin. Keziah alikuwa binti wa mpishi wa shule pale pale Tolliver, akaenda kusomea sheria Jackson, na badala ya kubaki huko na kupata ofisi yenye zulia, akarudi kuwatetea watoto ambao wazazi wao hawana wakili. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na watu walimwambia ana kumi na minane. Mwezi wake wa tatu alisimama mbele ya jaji na kuomba watoto waingie bila pingu.

"Mheshimiwa, mtoto akiingia hapa na minyororo ameshahukumiwa kabla sijafungua mdomo. Hawezi kushika kalamu kuniandikia jambo. Mama yake yupo kiti cha nyuma, hawezi hata kumpungia mkono. Na miguuni zinawaumiza."

Jaji Dismukes alivua miwani. "Binti Boykin, hayo ya kalamu tunaweza kuyazungumza. Lakini usitie chumvi. Nimekaa kiti hiki miaka ishirini na mbili. Kwa macho yangu haya, kwa miaka mingi sasa, sijaona mtoto hata mmoja akichechemea. Hata mmoja. Nimeona wanatembea vizuri tu. Ombi limekataliwa."

Ilikuwa kweli tupu. Jaji hakuwa ameona mtoto anachechemea. Na Oletha, aliyesimama pale mlangoni mikono nyuma kama kawaida, alijua vizuri kwa nini.

Alirudi nyumbani jua bado lipo juu. Vonceil alikuwa kibarazani anashona mto wa kiti. Vonceil hakuwahi kutupa kitambaa maishani mwake. Soksi zilizochakaa, zile ambazo hata dawa ya kung'arishia nguo ilishindwa nazo, alizitia kwenye gunia la unga nyuma ya mlango, na mito yote ya nyumba ile iliyojaa vizuri ilijazwa nazo. Oletha alipita bila salamu, akalibeba gunia, akalimwaga kibarazani.

"Wee! Hizo za mto wangu!"

"Nyamaza kwanza, dada. Angalia."

Kila soksi ilikuwa na pete. Nyingine ya kutu, nyingine ya rangi ya kahawia iliyokaukia, mahali pale pale, juu ya kifundo. Mamia. Nyingine zilikuwa zimeliwa mpaka uzi. Oletha alikaa chini katikati yake kama mtu aliyeangusha sinia.

"Nimewavisha mwenyewe," akasema. "Nikazifua mwenyewe. Zilizokuwa mbaya nikakupa wewe uzishone ndani ya mto. Mtu angetaka kuficha jambo asingefanya vizuri kuliko mimi."

"Umeficha nini? Umewasaidia watoto! Unataka wangetokwa damu?"

"Wangetokwa damu mara moja, mbele ya jaji, angeona. Sasa ni miaka kumi na tisa."

Vonceil aliweka sindano. Alikuwa mkubwa kwa miaka sita na alikuwa amezoea kusikilizwa. "Oletha, nisikilize mimi. Umebakiza mwaka na miezi miwili ustaafu. Yule mzee ukimuaibisha mbele ya watu atakupeleka ukalinde maegesho ya magari. Atasimama nani hapo mlangoni baada yako? Dewey? Dewey hawezi kuinama."

Neno hilo lilimgusa, kwa sababu lilikuwa neno lake mwenyewe. Halafu akaanza kuzirudisha soksi gunini, taratibu, akizikunja jozi jozi kama za kuvaa.

"Alphus hakukunja suruali mbele ya jaji," akasema. "Alikunja mbele yangu mimi tu."

Wiki mbili baadaye Keziah aliomba kusikilizwa tena, na shahidi wake alikuwa askari wa mahakama yenyewe. Dewey aliposikia alijishika kichwa. Oletha alipanda kizimbani akiwa na sare yake, gunia begani, akaapa mkono juu.

"Bi Crutcher," jaji akasema, na sauti yake ilikuwa ya baridi, "wewe ni askari wangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na kiapo hiki ndicho ninachowashikia watu Biblia kila siku. Leo zamu yangu."

Alimwaga gunia juu ya meza. Soksi zikateleza mpaka kwenye makaratasi ya mwendesha mashtaka, bwana Lomax, aliyerudisha kiti nyuma kama ameona nyoka. Oletha alieleza kwa maneno machache. Aliponunua, anavyokunja, anavyofua. Kisha akachukua moja, akaweka kidole chake ndani ya pete ya kahawia, akamwinulia jaji.

Jaji Dismukes aliiangalia muda mrefu. "Miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nawasaidia wao, Mheshimiwa," Oletha akasema. "Kumbe nilikuwa nakusaidia wewe usione."

Kama jaji angeamua kukasirika, pale ndipo pangekuwa pake. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Siku tisini," hatimaye akasema. "Siku tisini wataingia bila pingu, miguu na mikono. Lakini sikilizeni vizuri, na wewe Binti Boykin uandike. Mtoto mmoja akinitoroka, mmoja tu, pingu zinarudi siku hiyo hiyo, na habari hii sitaki kuisikia tena nikiwa hai."

Basi zikaanza siku tisini. Siku ya kwanza mvulana mmoja aliingia akiwa amebana mikono tumboni, ingawa hakuna kilichoifunga, na Oletha ikabidi amwambie aishushe. Binti mmoja alijikuna pua katikati ya kesi, akashtuka, akaangalia huku na huku kama ameiba. Wa tatu alimwandikia Keziah kikaratasi, na kikaratasi hicho kilionyesha kwamba siku ya tukio alikuwa hospitali na mdogo wake, neno ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama mmoja aliombwa na jaji mwenyewe asogee kiti cha mbele. Dewey, ambaye juma la kwanza alizunguka na mkono kiunoni akingoja kuuawa, juma la tano alikutwa anamfundisha mtoto kufunga tai.

Oletha peke yake hakupumua. Kila Jumamosi alizifua soksi zile zile safi na kuzianika.

"Sasa unafua nini?" Vonceil alimpigia kelele dirishani. "Hazijavaliwa na mtu!"

"Ziwe tayari. Wakirudisha vile vyuma kesho, zisiwe mbichi."

Siku ya themanini na tatu ilikuwa Jumanne. Waliletwa watoto watatu, na wa mwisho aliitwa Quinton Sledge, miaka kumi na mitatu, mwembamba, masikio makubwa. Kosa lake lilikuwa tarumbeta. Shule ilifunga chumba cha muziki wakati wa likizo, yeye akapitia dirishani akaichukua, akaificha chini ya kitanda cha bibi yake, na angekaa nayo salama kama asingeipiga kila siku saa kumi alasiri madirisha wazi. Bwana Lomax hakuliona jambo la kuchekesha. Ni kuvunja jengo la serikali, akasema, na mwaka jana alishaonywa kwa utoro. Akaomba miezi sita. Bibi yake Quinton hakuwa amefika. Jaji akasema anakwenda chumbani kwake kulisoma jalada vizuri, atarudi baada ya robo saa. Lomax akatoka kuvuta sigara mbele ya jengo. Keziah akakimbilia simu kumtafuta bibi.

Walibaki Oletha, Dewey na mtoto. Dewey aliinama kuchukua kikombe chake cha kahawa. Quinton akanyanyuka, akapita chini ya mkono wa Oletha kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akasukuma mlango wa ubavuni, akatoweka. Ndala moja ilibaki kizingitini.

Dewey akawa mweupe kuliko alivyozaliwa. "Napiga simu kwa sherifu, alete polisi."

"Usipige."

"Oletha!"

"Nipe dakika kumi. Nimekuomba kitu gani miaka yote hii?"

Aliangalia saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi na mbili. Akaiokota ile ndala, akatoka.

Joto la nje lilimpiga usoni. Alitazama barabara, hakuna mtu. Akatazama upande wa kituo cha mafuta, hakuna. Wala hakuwa anamfikiria Quinton peke yake. Alikuwa anawafikiria wote watakaokuja Alhamisi, na Jumanne ijayo, na miguu yao. Akazunguka nyuma ya jengo. Pale, kwenye kivuli cha gari la mahabusu, lile lile lililomleta, Quinton alikuwa amekaa chini, mguu mmoja hauna kitu.

"Umechoka au umeshindwa?" Oletha akauliza.

Mtoto alifuta pua kwa mkono. "Sijui kwetu ni upande gani, bi."

Oletha angeweza kumshika. Mkono wake ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Lakini alijua akiingia naye amemkamata kwapani, atakuwa ameingiza mtoro aliyekamatwa, na Lomax hatahitaji kusema neno. Na zaidi ya hilo, alikuwa amechoka kuwashika. Akajishusha polepole, magoti yakalia, akakaa karibu naye kwenye lami ya moto.

"Kwenu ni kule," akasema, akaonyesha kwa ndala. "Maili ishirini na mbili. Kwa mguu mmoja utafika kesho kutwa."

Quinton karibu acheke. "Miezi sita ni mingi, Bi Oletha. Watampa mtu mwingine nafasi yangu kwenye bendi."

"Kwani jaji amesema miezi sita? Aliyesema ni yule mwenye tai ya njano. Jaji bado anasoma." Akamwekea ndala mbele ya mguu. "Sasa nisikilize. Mimi narudi ndani. Sikushiki mkono wala sigeuki nyuma. Ukija, tutaingia wote wawili. Usipokuja, nitaandika kwamba hukuja. Na ukija nitaandika vile vile kwamba ulitoka, kwa sababu ulitoka. Sitakudanganyia."

Akainuka kwa kushika bampa ya gari, akaenda. Hatua ishirini na nane kutoka lile gari mpaka mlango wa ubavuni. Alizijua maana miaka kumi na tisa alizitembea na watoto waliokuwa wanahesabu kila moja. Alifika ya kumi, hakusikia kitu. Alifika ya kumi na tano. Alitamani kugeuka kuliko alivyotamani kitu chochote tangu mumewe Lucious afe, lakini hakugeuka. Alipofika ya ishirini na moja alisikia ndala nyuma yake, pa, pa, pa, zinaongeza mwendo.

Dewey alikuwa mlangoni, jasho limemlowesha shati. Jaji bado hajatoka. Lomax na Keziah walikuwa hawajarudi. Quinton akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti chake. Oletha akafungua daftari, na Dewey akamwinamia sikioni.

"Andika alikwenda msalani. Nakuomba, Oletha. Nimeona nini mimi? Sijaona kitu. Zimebaki siku saba tu. Usiwaharibie watoto kwa ajili ya roho yako safi."

Huyo alikuwa Dewey Strickland, aliyekuwa akisema bila pingu watatuchinja. Oletha alimwangalia, na nusura amkumbatie. Kalamu ilikaa juu ya karatasi kitambo. Kuficha alikuwa anakujua, na alijua kunavyoanza na upendo. Akaandika.

Jaji aliporudi na wote wakasimama, Oletha hakurudi kwenye ukuta wake.

"Mheshimiwa, kabla hujaendelea." Akasoma kwenye daftari kwa sauti iliyotulia. "Quinton Sledge. Ametoka mlango wa ubavuni bila ruhusa, akikimbia, saa nne na dakika kumi na mbili. Amerudi saa nne na dakika ishirini na moja."

Keziah alifumba macho. Lomax alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, sharti lilikuwa wazi. Mtoto mmoja tu. Ulisema mwenyewe."

"Nakumbuka nilichosema." Jaji alimtazama mtoto, vumbi kwenye suruali. "Ulimkamata wapi, Bi Crutcher?"

"Sikumkamata."

"Basi alirudije?"

"Kwa miguu yake, Mheshimiwa. Mimi nilikuwa mbele."

"Hukumshika?"

"Sikumgusa."

Jaji alilifunga jalada. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo watu wa Tolliver wanalisimulia. "Katika miaka yako yote na pingu, wangapi walinitoroka?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Lomax akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na wangapi walirudi wenyewe?"

Oletha alifikiri, kwa sababu hakuzoea kujibu bila kufikiri. "Hakuna. Hakuna aliyewahi kupewa nafasi."

"Lete pingu," jaji akasema.

Hapo hata Dewey aliinamisha kichwa. Oletha alikwenda kabatini, akazitoa za miguu, akazibeba mpaka mezani kwa jaji na kuziweka. Alikuwa analia waziwazi na hakujisumbua kujifuta. Harlan Dismukes alizinyanyua kwa mikono miwili. Alizipima, akageuza pete moja, akaingiza mkono wake mwenyewe wa uzee, na chuma kikateleza mpaka kwenye kiwiko.

"Ni nzito," akasema, kama mtu anayesema peke yake.

"Hujawahi kuzishika?" Oletha akauliza, na haikuwa kejeli.

"Sijawahi."

Akafungua droo ya meza yake, akazitia, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni mwa shati. "Zitakaa kwangu. Nilisema mtoto akinitoroka. Huyu alitoka, hakutoroka. Tangu leo atakayezitaka kwa mtoto aje kwangu aniambie ni mtoto gani, kwa jina lake, na kwa sababu gani. Na mimi nitazitoa mwenyewe nizibebe. Bwana Lomax, kaa chini. Na wewe kijana, hiyo tarumbeta unaipigaje?"

"Vizuri, Mheshimiwa," Quinton akasema. "Bibi anasema kwa sauti sana."

Alirudishwa kwa bibi yake siku ile ile, na adhabu yake ikawa kusugua kila chombo cha bendi ya shule mpaka mwisho wa muhula, hata yale matarumbeta makubwa ya tuba.

Oletha alimaliza mwaka wake na miezi yake miwili pale pale mlangoni. Pingu za droo ziliombwa mara tatu katika muda huo, na mara zote tatu muombaji alipotakiwa aeleze sababu alipata kigugumizi. Alipoagwa, walikaanga kambare nyuma ya kanisa, Dewey akala sita, na jaji akaja na shati la kuvulia samaki akasimama foleni kama watu wengine.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile ya kwanza baada ya siku ya Quinton, Oletha aliamka kama kawaida, akajaza beseni maji, akatia sabuni, akaenda chumbani kuchukua soksi. Akasimama nazo mikononi. Akazipeleka kibarazani, akazitia zote kwenye gunia la Vonceil, mpya kabisa, nyeupe pe.

Vonceil alichungulia dirishani. "We! Leo huaniki?"

"Leo sianiki, dada."

Akakaa kwenye kiti cha kibarazani, juu ya mto ule uliojaa vizuri, akaitazama kamba tupu kutoka ukuta wa jiko mpaka banda la kuku. Akamlilia Alphus, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, aliyekwenda mtoni kwa baiskeli ya mtu na kurudi. Hata yeye alikuwa ameirudisha.